Kwaya Iliposikiliza Majina ya Wachimbaji Waliokufa

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha kwaya ya vijana hapa Moshi. Tunataka kutunga kazi ndefu kuhusu wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani, maana mitaa ya kwetu imejaa watu waliowahi kwenda kule. Rafiki yangu alinitumia Anthracite Fields, kazi ya kwaya ya Mmarekani Julia Wolfe kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe. Niliicheza yote ukumbini kwa spika ndogo ya kijana mmoja, wakiwepo vijana, wazazi kadhaa na wazee wa kanisa wawili. Sikusema kitu kabla, nilitaka wasikie wenyewe. Mambo yakaharibika. Majina yalipoanza, John, John, John, vijana walicheka. Mzee mmoja akasema hizi ni kelele, si kwaya, akatoka. Mwingine akasema kuimba majina ya wafu ni kuita mizimu. Kipande cha maua walikiona hakina maana, na cha mwisho, cha vifaa vya umeme, wakasema ni utani. Halafu mama mmoja, ambaye kijana wake alifia mgodini, alilia mpaka tukamtoa nje, na tangu siku hiyo haji kanisani. Wapo pia vijana wawili watatu wanaoniomba niicheze tena. Je, watu wetu hawajui kusikiliza muziki wa namna hii? Nimekosea? Tuache mpango, tuimbe hiyo ya Wolfe kwa Kiswahili, au tutunge ya kwetu?"

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Maswali yako ni mengi na nitayafikia yote, ila naanza na mama yule, kwa kuwa mengine yanaweza kusubiri na lake haliwezi.

Muziki haukumjeruhi. Jeraha alikuja nalo, likaguswa bila yeye kupewa nafasi ya kujiandaa. Mtu anapokwenda msibani anajua anakwenda kulia: amejifunga kanga, ameketi na wenzake, wapo wa kumshika mkono. Mama huyu alikuja kusikiliza wimbo pamoja na vijana, akakutana na majina ya watu waliokufa chini ya ardhi, yakitajwa moja baada ya jingine, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Hukuandika kama mwili wa mwanawe ulipatikana. Maji yaliingia mashimoni Mererani mwaka 1998, yakaingia tena 2008, na zipo familia ambazo hazikupata cha kuzika. Huko Pennsylvania, jimbo la Marekani ambalo kazi ya Wolfe inalihusu, nako wanayajua haya: Januari 1959 mto Susquehanna ulitoboa paa la mgodi wa Knox, wakafa wachimbaji 12 na miili yao haikupatikana. Wewe ni mtu wa Moshi, huhitaji kuelezwa uzito wake. Marehemu wetu hurudi kulala kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na waliomtangulia. Asiyerudi anawaachia wazazi matanga yasiyoanuliwa.

Nenda kamwone. Usimpigie simu, na usiende na kundi la vijana. Nenda na mama mmoja anayemwamini. Usianze kumweleza Wolfe ni nani. Mwombe radhi kwa kutomtaarifu, kisha kaa umsikilize, na akitaka kumzungumzia mwanawe mwache azungumze kadiri atakavyo. Kulia siku chache, kuepuka watu, kutotamani kuimba, hayo ni ya kawaida kwa mfiwa. Lakini kama wiki zinapita na hapati usingizi, hataki chakula, amejifungia ndani, hapo mahitaji yake yamepita uwezo wa mwalimu wa kwaya na hata wa mchungaji peke yake. Mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC, mueleze hali yake yote ili aonwe na watu wa afya ya akili. Na akitamka kwamba afadhali amfuate mwanawe, asiachwe peke yake hata kidogo, na safari ya hospitali iwe siku hiyo hiyo. Mimi ni mtu wa muziki. Katika hili wataalamu ni wengine, na wako karibu nanyi.

Sasa turudi ukumbini. Je, watu wetu hawajui kusikiliza? Wanajua, na nakuomba sentensi hiyo usiitamke mbele yao. Kila walilolisema wasikilizaji wako lipo kweli ndani ya kazi ile. Waliocheka walicheka penye jambo. Aliyesema kelele alisikia kitu kilichomo. Walichokosa ni utangulizi, na sehemu kubwa ya sauti yenyewe haikuwafikia. Nitaeleza.

Kwanza kwa ajili ya wasomaji wengine: Julia Wolfe alizaliwa Philadelphia mwaka 1958, na kazi hii iliimbwa kwa mara ya kwanza katika mji huo huo Aprili 2014, na kwaya iitwayo Mendelssohn Club pamoja na kikundi cha wapigaji sita, Bang on a Can All-Stars. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Ni ya takriban saa nzima, vipande vitano. Inahusu kaskazini mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, kulikochimbwa anthrasaiti, makaa ya mawe magumu, yanayong'aa, yanayowaka kwa moshi kidogo sana. Kwa miaka mingi makaa hayo yalipasha joto nyumba na kuendesha treni na viwanda vya mashariki mwa Marekani. Kazi yenyewe haina kisa. Hakuna shujaa, wala mwanzo na mwisho kama igizo la Krismasi. Mtunzi alichukua orodha, mahojiano, hotuba na tangazo la biashara, akavitia sauti. Msikilizaji aliyezoea wimbo unaosimulia ataketi akingoja hadithi ianze, na haitaanza. Hilo peke yake lingetosha kuwachosha watu wasioambiwa.

Tuje kwenye kicheko. Septemba 1869 moto uliwaka kwenye mgodi wa Avondale, Pennsylvania. Mgodi ule ulikuwa na njia moja tu ya kutokea, na moto ulishika hapo hapo. Walikufa watu 110, wawili kati yao wakiwa waokoaji walioshuka kuwafuata wenzao. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya usalama wa migodi. Majina uliyoyasikia kwenye kipande cha kwanza yametoka kwenye faharasa ya ajali za migodi ya Pennsylvania, kuanzia 1869 hadi 1916. Orodha hiyo ni ndefu kuliko wimbo wowote unavyoweza kubeba, hivyo Wolfe aliwachukua kina John tu, na kati yao wale ambao jina la ukoo lina silabi moja, akawapanga kwa alfabeti.

Fuatilia kinachotokea sikioni. John wa kwanza ni mtu. Wa tano bado ni mtu. Baada ya hapo neno linaanza kupoteza maana na kubaki mlio mtupu, na mlio unaojirudia bila sababu inayoonekana huchekesha. Jaribu kutamka "kikombe" mara thelathini mfululizo, utaona. Vijana wako walikuwa wamefika hapo. Ila muziki haukomi hapo. Unaendelea, unakipita kicheko, na msikilizaji aliyebaki anafika mahali anapogundua kwamba alikuwa anacheka orodha ya marehemu, kwamba orodha bado haijaisha, na kwamba hawa ni kina John peke yao. Kina William hawajatajwa. Kina Thomas hawajatajwa. Maana inarudi ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo usiwaone vijana wale kuwa hawana adabu. Walikuwa katikati ya njia, na sidhani kuna aliyewaambia kwamba njia inaendelea. Kama uliwakemea wanyamaze, waambie hivyo sasa, watakuelewa.

Mzee aliyetoka nje anastahili jibu la heshima, na jibu hilo lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni spika. Kazi hii imejengwa juu ya sauti za chini. Waya wa chini kabisa wa besi ile kubwa ya kusimama hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya kubeba mkononi haina ubavu wa kutoa sauti hiyo. Ukishuka chini ya mitetemo 80 au 100 kwa sekunde nyingi zake zinanyamaza. Ukumbini kwenu mngurumo wa chini haukufika. Kilichofika ni kilichokuwa juu yake: gitaa la umeme na sauti za waimbaji zinazosuguana. Mzee alionyeshwa paa, nyumba haikuwepo. Hata mimi ningesema ni kelele.

Ya pili ni huko kusuguana. Soprano mmoja akiimba noti yenye mitetemo 440 kwa sekunde na jirani yake akaimba yenye 446, sikio halisikii noti mbili. Linasikia noti moja inayopigapiga mara sita kwa sekunde, ambayo ndiyo tofauti ya namba hizo. Ukizitenganisha mpaka nusu hatua, kama t na d kwenye solfa, mapigo yanakuwa mengi kiasi kwamba hayahesabiki na sikio linaona ukwaruzo. Kwaya zetu zimefundishwa kuufukuza ukwaruzo huo. Tangu Shule ya Jumapili tunaambiwa "unatoka nje ya noti, sikiliza mwenzio", na nyimbo zetu za sauti nne zimepangwa hivi kwamba kila mvutano hatimaye unatua kwenye d, noti ya nyumbani. Mafunzo hayo ni mazuri na yametupa kwaya za kujivunia hapa Kilimanjaro na Arusha. Wolfe naye huziweka sauti karibu karibu kwa makusudi, akazikataza kutua, kwa kuwa mambo anayoyaimba hayakutua. Sikio la mzee lilifanya kazi yake sawasawa: liligundua kwamba mlango anaoujua haufunguki.

Kuhusu kurudia, sidhani kama ndiko kulikomkera. Mzee huyo huyo, naamini, husimama kwaya inapoimba Haleluya ya Handel, na wimbo ule hulirudia neno hilo tena na tena kwa takriban dakika nne na hakuna anayelalamika. Kule anajua anakopelekwa. Na kama anadhani kushikilia mlio mmoja wa chini kwa muda mrefu ni mambo ya Wazungu wa siku hizi, sherehe yoyote ya Wamaasai huko Simanjiro, wilaya ile ile yenye migodi, itamwonyesha vinginevyo: olaranyani, kiongozi wa wimbo, anatangulia, wenzake wanashika mlio wa kooni na hawauachi, na mambo yanajengeka juu ya mlio huo bila kutua popote. Masikio ya watu wetu yana malezi zaidi ya moja. Tatizo ni kwamba tukikaa kwenye viti vya ukumbi wa kanisa tunatumia moja tu.

La mizimu ni la imani, na mchungaji wako ana neno kuliko mimi. Nitasema ninaloliona tu. Katika kila msiba hapa kwetu husomwa historia ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Hakuna anayeona mizimu hapo. Pale, hata hivyo, tunamjua tunayemsomea, familia imeandika yenyewe, na kuna sala kabla na baada. Ukumbini kwako yaliimbwa majina ya watu tusiowajua, na waimbaji tusiowaona, kisha kikaja kipande kingine. Nikimsikiliza mzee huyu kwa makini, nasikia pingamizi la haki: majina ya wafu yana wenyewe. Liandike mahali, utalihitaji.

Nimeshangaa kwamba hukutaja kipande cha pili, maana ndicho kilicho karibu zaidi na Mererani. Kinahusu wavulana waliokuwa wakichambua makaa. Waliketi safu kwa safu juu ya njia za mteremko, makaa yakiporomoka katikati ya miguu yao, wakaokota mawe yaliyochanganyika humo kwa mikono mitupu, kwa sababu kuvaa glavu kulikatazwa. Vidole vilivimba na kutoka damu. Wengi walikuwa na umri wa miaka 8 hadi 12. Mwaka 1911 mpiga picha Lewis Hine aliwapiga picha wakiwa kazini, nyuso nyeusi kwa vumbi, na picha hizo zikawa silaha ya waliokuwa wakipigania sheria dhidi ya ajira ya watoto. Wolfe ameingiza humo wimbo wa mitaani wa watoto wenyewe, na muziki wake unakwenda mbio, una ngoma, unachezeka. Wale vijana wawili watatu wanaokusumbua uicheze tena, nadhani hapa ndipo walipokamatwa. Wamesikia watoto wenzao.

Nasi tulikuwa na nyoka. Kila aliyekaa Mererani anawajua: watoto waliotumwa kupenya kwenye upenyo ambao mwanaapolo, yaani mchimbaji wa kule, akiwa mtu mzima hapiti, wakati mwingine kwenda kuangalia kama baruti imelipuka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto. Lakini waliokuwa nyoka miaka ya tisini leo ni wazazi, wamo mitaani mwenu, na wengine huenda wana watoto kwenye kwaya yako. Je, waliimba nini kule chini? Waliitana vipi gizani? Walipewa majina gani ya utani? Wolfe alifanya mahojiano na watu wa kule, na hilo ndilo jambo la kumwiga. Tuma vijana wawili wawili na simu za kurekodi, wakawaulize wazee hawa kwa adabu, wasiwakatishe. Rekodi hizo zitawapa mashairi bora kuliko chochote mtakachokitunga mkiwa mmekaa ukumbini.

Kipande cha tatu ni hotuba ya John L. Lewis, aliyekuwa rais wa chama cha wachimbaji wa Marekani kuanzia 1920 hadi 1960, mbele ya kamati ya Bunge. Hoja yake ni kwamba anayefaidi makaa anadaiwa usalama wa anayeyachimba, na matunzo ya familia yake akifa. Watu waliolelewa na mahubiri hawapati shida hapo, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyelalamika.

Maua. Binti wa mchimbaji, ambaye babu yake pia alikuwa mchimbaji, alimwambia Wolfe kwamba kila nyumba ilikuwa na bustani, na kipande cha nne kimejengwa juu ya orodha ya maua hayo. Wasikilizaji wako waliona hakina maana kwa sababu walikuwa wakimtafuta mchimbaji, naye hayumo. Waliomo ni wanawake waliobaki juu, katika miji ya vumbi jeusi, wakapanda kitu chenye rangi. Ukitaka wakuelewe mara moja, usizungumzie maua ya Pennsylvania. Waulize kina mama wa kwaya nini hupandwa kaburini kihambani. Watakutajia masale, mmea wetu wa heshima, kabla hujamaliza kuuliza, na watakueleza nani huyapanda na nani huyapogoa.

Na kile walichokiita utani, cha mwisho, mimi nakiona kikali kuliko vyote. Kwaya inataja shughuli za kila siku zinazotumia nishati, za kawaida kabisa, halafu anaingia Phoebe Snow. Huyu alikuwa mwanamke wa kubuni kwenye matangazo ya kampuni moja ya reli mwanzoni mwa karne ya 20: amevaa gauni jeupe, anasafiri, na gauni halichafuki kwa sababu treni inachoma anthrasaiti. Msikilizaji ametoka kusikia majina ya waliokufa, vidole vya watoto, hotuba kuhusu familia za waliokufa, kisha anaonyeshwa gauni safi. Hakuna kulia wala kulaani. Vijana wako waliposema "utani" walikuwa wamehisi kwamba furaha ile haikai sawa na yaliyotangulia, na kweli haikai. Tanzanaiti ina gauni lake jeupe. Jiwe lilipatikana 1967, na mwaka uliofuata Tiffany, kampuni ya vito ya New York, ikalipa jina na kulitangaza kwa wanunuzi wake. Tangu hapo limo kwenye pete za watu ambao hawajawahi kusikia neno Mererani. Kipande chenu cha mwisho kinaweza kuanzia hapo.

Maana ushauri wangu ni kwamba mtunge ya kwenu. Hata hivyo nizipime njia zote tatu, usije ukadhani nimekusukuma.

Kuimba ya Wolfe kwa Kiswahili sikushauri kabisa. Mtunzi yu hai, kazi ni yake, na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1994, kwa hiyo kutafsiri na kuimba hadharani kunahitaji ruhusa kutoka kwa mchapishaji wake. Ukitaka kujua utaratibu, waone COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Hata ukipata ruhusa, inahitaji wapigaji sita wa kiwango cha juu na waimbaji waliozoea noti za mistari, si solfa. Na kuna jambo la ndani zaidi. Nguvu ya yale majina ni silabi moja inayoanguka na kukatika. Majina yetu hayakatiki. Mushi, Temu, Shayo: nzito, nyepesi. Massawe, Kimaro, Urassa: nyepesi, nzito, nyepesi. Yapigie makofi uone, yanabembea. Ukiyalazimisha yagonge kama ya Pennsylvania utayaua, lakini ukiyaacha yabembee, besi wakashika ya silabi mbili chini na alto wakapitisha ya silabi tatu juu yake, utapata mwendo ambao Wolfe hakuwa nao.

Kuacha kabisa ni haki yenu pia, na kama wafiwa wa usharika wenu wakisema hawataki, acheni bila kinyongo. Ila msiache kwa sababu ya jioni moja iliyokwenda vibaya.

Mkitunga, kuna tofauti moja ambayo ningependa ulale nayo kabla ya kuandika. Mchimbaji wa Pennsylvania alilipwa ujira, kidogo na kwa dhuluma, lakini ujira. Mwanaapolo kwa miaka mingi alishuka kwa chakula na ahadi ya fungu jiwe likipatikana. Alishuka akiwa na tumaini. Mwaka 2020 nchi nzima ilimwona mchimbaji Saniniu Laizer na mawe yake mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, na sidhani kuna kijana wa Moshi ambaye hakuwaza kwenda usiku ule. Kuna nyumba za matofali zilizojengwa kwa tanzanaiti, kuna ada za shule zilizolipwa. Kazi itakayoimba vifo peke yake haitakuwa imesema ukweli wa Mererani, na waliokwenda kule wataisikia na kujua kwamba aliyeitunga hakuwauliza. Wolfe hakuhitaji kuimba tumaini la namna hiyo. Ninyi mnalihitaji, na ndilo gumu zaidi, kwa sababu ni lile lile lililomshusha kijana wa mama yule.

Jina lolote la marehemu liingie kwa idhini ya familia, na familia ikisema jina la ubatizo tu, iwe hilo tu. Zungumza na mchungaji mapema kuhusu mahali na siku. Mimi ningeimba ukumbini, si kwenye ibada ya Jumapili, ili anayetaka kutoka atoke bila kuonekana ameikimbia ibada. Tangaza wiki kabla kwamba yatatajwa majina ya waliofia mgodini. Weka watu wawili wenye busara karibu na mlango. Anzeni na sala, na malizeni na wimbo ambao wote wanaujua na unaotua kwenye d, kwa sababu wasikilizaji wenu hawatakuwa wageni wa ukumbi wa maonyesho. Watakuwa ndugu wa waliotajwa. Mara ya kwanza isizidi robo saa.

Uliuliza kama ulikosea. Kuicheza hukukosea. Kunyamaza kabla ya kuicheza ndiko kulikowaacha watu peke yao. Hilo linarekebishika, na nusu yake utairekebisha ukienda kwa yule mama. Kuhusu wimbo wenu, usimwombe lolote kwa sasa. Akija mwenyewe siku moja akasema mtajeni, mtaje.

Mkishakuwa na rasimu, msibaki na maandishi yangu tu. Chuo cha Makumira pale Usa River kinafundisha muziki, na kutoka Moshi ni safari ya daladala. Mtu akikaa na kwaya yenu jioni moja, akawasikia besi wakihangaika, atawasaidia kuliko mimi ninayesoma barua. Na yule mzee aliyetoka, mwalike mazoezini mapema, kabla wimbo haujakomaa, umuulize wanaume wa rika lake waliimba nini walipofanya kazi nzito pamoja. Besi zenu zinaweza kuanzia kwenye jibu lake.

Ile ya Wolfe, wachezee vijana wale tena, kipande cha pili peke yake, kwenye spika kubwa za kanisa. Kabla hujabonyeza, waambie wale wavulana walikuwa na umri gani.